Harusi Ambayo Hatukualikwa

Jumamosi ile, katika ukumbi mdogo tuliouazima mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha wanafunzi wangu wa ngoma jambo moja tu: kuvuka mlango. Mtu mwenye Parkinsoni, ugonjwa ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, anaweza kutembea vizuri hadi kizingitini, kisha miguu ikagoma ghafla kana kwamba imegundishwa sakafuni. Mara nyingi kinachomkwamua ni mdundo: ubongo uliopungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hushindwa kuiamuru miguu ianze, lakini ngoma ya nje humkopesha amri hiyo.

"Mkikwama," niliwaambia kwa sauti ya msomi, "msiulazimishe mguu. Tafuteni mdundo, kisha ufuateni."

Nililirudia neno hilo mara tatu, nisijue kwamba natoa ruhusa.

Nikawasha redio, muheme, ngoma ya Wagogo, ukalia. Dereva mstaafu wa malori, ambaye sote tunamwita Babu, akafika mlangoni na kukwama. Nyuma yake walipanga foleni mama aliyepooza upande mmoja, wazee wanne wenye mikongojo na kijana wa kiti cha magurudumu. Umeme ukakatika. Kabla sijaanza kupiga makofi, barabarani ikatokea pikapu iliyosheheni wapiga matarumbeta, ikiongoza msafara wa harusi. Babu akanyanyua mguu kama askari wa gwaride, akavuka kizingiti, wala hakusimama.

"Babu, rudi!"

"Mwalimu, mdundo unaondoka!"

Darasa zima likamfuata kwa utii ambao sijawahi kuupata ndani ya ukumbi, na yule kijana wa magurudumu akawapita wote. Nilikimbia nyuma yao nimebeba mikongojo minne iliyosahauliwa pamoja na mkoba wa dawa. Pikapu ilikuwa ikienda mwendo wa konokono kwa ajili ya mpiga picha, hivyo tukaingia ukumbini sambamba na maharusi. Mshereheshaji, alipowaona wazee wakitembea kwa hatua zilizopangika namna ile, alitangaza kwamba wazee wa ukoo wa bwana harusi wamewasili kutoka Mpwapwa. Vigelegele vikapigwa, tukaketishwa meza ya mbele.

Pilau ilifika kabla ya maelezo yangu. Niliwasihi wameze dawa kwanza, kwa kuwa nyama nyingi huweza kuizuia levodopa, dawa ya Parkinsoni, isifyonzwe vizuri. Babu akanijibu, akiwa ameshika paja la kuku, kwamba daktari hakutaja nyama ya harusi.

Tulipoaga, Babu alikwama tena mlangoni, na wapiga matarumbeta walikuwa wanakula. Sikuwa na njia nyingine: nikanyakua sinia tupu, nikaligonga kwa mapigo ya muheme huku nikiimba kwa sauti yangu hii ya chura. Babu akavuka. Nilipogeuka, mama wa bwana harusi alikuwa akinibandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, na mshereheshaji alikuwa akiulizia bei ya kikundi.