Nani Alipie Saa za Mchangiaji wa Programu Huria?

Vijana wa Mwanza wanaojifunza kuandika programu hushauriwa wachangie miradi ya programu huria (programu ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) kana kwamba kazi hiyo haina gharama: chagua mradi, rekebisha kasoro, tuma marekebisho, na waajiri watakuona. Ushauri huo una ukweli mwingi, lakini unanyamazia suala la nani analipia bando na saa za kijana huyo.

Hoja ya wanaounga mkono ni nzito. Linux, mfumo endeshi huria, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, na leo kiini chake kimo ndani ya simu za Android wanazotumia wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Kwa mwanafunzi wa Nyegezi, faida kubwa zaidi ni usimamizi, kwa kuwa marekebisho anayotuma hupitiwa na mhandisi mzoefu, pengine mstari kwa mstari. Yakirudishwa, hurudishwa na sababu: badiliko moja limebeba mambo mawili, jaribio la kuthibitisha halipo, maelezo hayasemi tatizo lilikuwa nini. Ni vyuo vichache vinavyoweza kumpa mwanafunzi mmoja uangalizi wa karibu namna hiyo. Zaidi ya hayo, mfumo wa DHIS2, ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za afya, ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mtu aliyeona jinsi zahanati ya kisiwani Ukerewe inavyojaza taarifa huku mtandao ukikatika ana ujuzi ambao mhandisi aliyeko Norway hawezi kuupata akiwa mezani kwake.

Hata hivyo, wanaosita nao wana haki ya kusikilizwa. Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, humruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuutia katika bidhaa ya kuuza, mradi tu abakize tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni. GPL, leseni nyingine ya programu huria, ni kali zaidi, kwa kuwa humtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, lakini nayo haimlazimishi amlipe aliyeuandika. Kijana wa Igoma anayeahirisha kazi ya kulipwa, tuseme mfumo wa stoo ya duka la vipuri, ili atunze maktaba ya msimbo (msimbo unaotumiwa tena ndani ya programu nyingine) inayotegemewa na kampuni tajiri, anaipa kampuni hiyo ruzuku. Kuliita hilo moyo wa kujitolea pekee si haki.

Madhara ya kuegemea watu wasiolipwa yalionekana Machi 2024, pale mhandisi wa programu Andres Freund alipochunguza kwa nini kuingia katika seva kulichelewa kwa takribani nusu sekunde, akagundua mlango wa siri, yaani njia iliyofichwa ya kuingia bila ruhusa, ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Mtunzaji wake alikuwa ameelemewa na kazi ya kujitolea, naye aliyejitambulisha kama msaidizi alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani hadi akakabidhiwa madaraka ya mradi, kisha akaupachika mlango huo.

Kwa maoni yangu, kijana achangie, ila aanze na chombo anachokitumia tayari, kwa sababu hapo kasoro anayoirekebisha inamsumbua yeye mwenyewe. (Anayebanwa na bando anaweza kupakua toleo la mwisho la msimbo bila historia yake yote, Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ina chaguo hilo, na kwa mradi mkubwa kama Linux tofauti yake ni kubwa mno.) Lakini mzigo mkubwa nauweka kwa taasisi. Ofisi ya Mwanza inayotegemea programu huria inapaswa kumruhusu fundi wake kurekebisha kasoro na kutuma marekebisho kwa mradi wenyewe ndani ya saa za kazi, akiwa analipwa. Ikibaki na kiraka chake (marekebisho yake) ndani, italazimika kukibandika upya kila toleo jipya linapotoka, ilhali marekebisho yakikubaliwa yanakuja ndani ya toleo lenyewe, yakiwa yamekwisha kukaguliwa na watu wengine.