Posho ya mwalimu mkuu katika shule ya walimu watano

Chukua shule ya msingi ya kijijini, Tanzania, yenye wanafunzi 400. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, imepangwa Sh10,000 kwa mwaka: Sh4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, Sh6,000 huingia akaunti ya shule. Piga hesabu. Ni Sh200,000 kwa mwezi, kiasi kilekile kilichowekwa kuwa posho ya madaraka ya mwalimu mkuu. Wanafunzi wakiwa 180, chaki, mitihani na ukarabati vinagawana Sh90,000, na posho haipungui hata senti.

Wanaoitetea posho hiyo wana hoja. Kabla yake cheo hicho kijijini kilikuwa kama adhabu: nauli ya kwenda halmashauri, vocha ya simu, hata chai ya wakaguzi, vyote mfukoni mwako. Sasa kuna anayekubali kuongoza shule ya mbali, na halmashauri ina mtu wa kumbana. Walimu wengine wanalo jibu lao stafu: "Mwenye posho afanye." Kazi zilizokuwa za wote zimepata mwenyewe. Isitoshe, kiasi ni kimoja mjini na porini. Posho inalipa cheo, hailipi umbali.

Ubishi huo wa shilingi umeacha kando kinachomla hasa mwalimu mkuu, nacho ni karatasi. Shule nyingi za msingi hazina mhasibu. Ununuzi wa rimu mbili unataka muhtasari wa kamati ya shule, ankara, hati ya malipo na risiti, kisha kila kitu kiingizwe kwenye mfumo wa kielektroniki wa hesabu za fedha, na mtandao unashika kule kilimani tu. Watia saini wa benki wakiwa wote walimu, siku ya kwenda mjini wanabaki watatu kwa madarasa saba na la awali. Huyohuyo ndiye anayetakiwa kukagua maandalio ya somo na kumwelekeza mwalimu mpya.

MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yalilenga kuziba pengo hilo bila kumtoa mwalimu shuleni, na kwa hilo yanaishinda semina ya mjini. Lakini jumuiya ya ujifunzaji, kikundi cha walimu wanaofundishana shuleni, inataka mmoja afundishe, wenzake watazame. Katika shule ya walimu watano, wanne wakitazama, madarasa mengine yote hayana mwalimu. Na kama hakuna anayejua kufundisha hesabu za sehemu vizuri, watano hao watarithishana kosa lilelile. Inafanya kazi wakienda wawili wawili, kipindi kimoja cha dakika 40 Darasa la Nne, na Afisa Elimu Kata akiazima mwalimu mahiri wa hesabu kutoka shule jirani kwa siku hiyo. Nauli yake ipangwe mapema. Mengi huanguka hapo.

Kama ingebidi kuongeza kitu kimoja, kiwe mhasibu mmoja kwa kila kata, anayezunguka shule zote. Pingamizi lipo, tena la haki: fedha zilianza kutumwa moja kwa moja shuleni ili zisikwamie ofisi za juu, na mtu wa kata anaweza kuzirudisha huko. Basi saini zibaki kwa shule na kamati yake. Mhasibu aandike vitabu na kujaza mfumo, hela asiiguse.