Kukohoa ruksa, kupiga makofi mwiko

Jamani watu wa Tanga, juzi nilikuwa Gewandhaus, ule ukumbi mkubwa wa muziki hapa Leipzig, Ujerumani, wanapiga konseto ya fidla ya Tchaikovsky, yule mtunzi wa Kirusi, yaani fidla moja mbele na okestra nzima nyuma, na mtu aliyekulia kwenye taarab akisikia fidla hapiti hivi hivi. Dada wa watu akaipiga ile sehemu ya kwanza, inapanda, inapanda, okestra nzima iko juu, halafu ikakatika paa! Nikapiga makofi. Sio kwamba sheria siijui, naijua, unatakiwa usubiri sehemu zote tatu ziishe ndio upige, lakini mtu akufikishe pale halafu wewe ukae umekunja mikono mapajani kama uko kwa daktari wa meno, mie siwezi. Bibi wa kiti cha pembeni akanigeukia, akanishusha akanipandisha. Na hapo hapo ukumbi mzima ukaanza kukohoa! Kila aliyebana kifua tangu mwanzo anakitoa, pipi zinamenywa makaratasi krrr krrr, na hakuna aliyemwangalia mwenzake vibaya. Yaani kukohoa ruksa, ila kumwambia binti wa watu kwamba ametuua, mwiko.

Ndani ya ukumbi ule wameandika maneno ya Kilatini, maana yake ni kwamba jambo zito ndilo furaha ya kweli. Sawa. Ila mwanamke wa kwetu anayetoka na kanga zake kwenda kusikiliza nyimbo usiku kucha naye hakwenda kucheza bao, kaenda na mambo yake mazito moyoni.

Najua kuna mtu keshaanza, "huyo kapanda ndege sasa anatusimulia okestra". Tulia kaka. Tiketi yenyewe niliyonunua ni ya nyuma kabisa. Na wala sisemi wao washenzi sisi wastaarabu, au kinyume chake. Nasema hivi, hicho kimya tunachoambiwa ndio adabu ya muziki wa kizungu, wazungu wenyewe hawakuwa nacho. Mtunzi Mozart mwaka 1778 akiwa Paris alimwandikia baba yake barua kwamba katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake, muziki mrefu wa okestra, kuna mahali alijua watu watapapenda, na kweli wakapiga makofi muziki ukiendelea, na yeye akafurahi! Alipatega makusudi, kama mwimbaji wetu anavyojua ubeti upi utawanyanyua kina mama. Na hapa hapa Leipzig, mtunzi mwingine, Mendelssohn, alipotoa konseto yake ya fidla mwaka 1845 aliunganisha sehemu ya kwanza na ya pili kwa sauti moja ya ala ya kupuliza inayobaki hewani, wanasema ili watu wasipate mwanya wa kupiga makofi. Sasa kama watu walikuwa wananyamaza, mwanya aliuziba wa nini? Brahms, mtunzi naye, ndio usiseme, mwaka 1859 alileta konseto yake ya piano kwa hao hao wa Gewandhaus wakamzomea. Hadharani. Leo wajukuu wao wananipandisha na kunishusha mie kwa makofi ya sekunde tano.

Ndio maana nikikumbuka taarab ya nyumbani roho inaniuma. Tanga, mnajua wenyewe, Black Star na Lucky Star hazikuwa bendi za kusikilizwa kwa kimya, ule mdundo wao wa magita ulikuwa unakutoa kwenye kiti, na marehemu Shakila akiimba polepole vile vile unaona ukumbi wote unaitika kwa vichwa. Na ile ya kutunza. Mgeni anaona mama kainuka na noti anadhani ni bakshishi, kumbe mama anasema, ubeti huu ni wangu, na fulani aliyekaa meza ile ajue ni wangu. Anakwenda taratibu, na mabega, hana haraka, noti iko juu. Mwimbaji anamwona toka mbali, anaurudia ubeti, anaurudia tena, wapigaji nao wanazunguka palepale mpaka mama afike, aipachike noti, ageuke. Wimbo uliotungwa dakika saba umekuwa ishirini, na aliyeuongeza ni mama wa Makorora mwenye noti ya elfu tano. Huku ukitaka kurefusha konseto ya Tchaikovsky hata uje na noti ya euro mia tano watakuitia mlinzi.

Haya, sasa mnisikilize na upande wa pili kabla hamjajipigia vigelegele.

Hadhira yenye nguvu namna ile inaharibu pia. Kabla sijaondoka nilikwenda Bagamoyo kwenye tamasha la sanaa, kikundi kimoja kinaigiza mume anampiga mkewe, mke anaanguka, na watu wanacheka. Wanacheka kweli kweli, kuna jamaa anapiga kelele "mwongezee!" Nikamwona yule mwigizaji wa mume, nakwambia, macho yalimwangaza. Kofi la pili akalipiga kwa madoido, la tatu akazunguka kwanza, na mchezo ulioanza kama msiba ukamalizika kichekesho. Mtaniambia kosa la mwigizaji. Nusu nakubali. Lakini mwigizaji anakula kwa watu, watu wakilipa kwa kucheka tu atawapa cha kucheka tu, na ndio maana leo ukisema igizo kwetu mtu anategemea komedi, ukimletea la kulia anatoa simu. Hizo simu nazo! Siku hizi kwenye taarab mtu hainuki kutunza, anainua simu arekodi, mwimbaji anawaimbia kamera mia. Bora bibi wa Gewandhaus, yeye alikuwa anasikiliza angalau.

Ila linalonikera zaidi sio ukumbini, ni kwenye maandishi, na hapo Wajerumani wametupiga bao tena bao baya.

Hawa watu wanaokaa kimya kwenye muziki, waandikie hoja uone! Niliandika karatasi moja nikaibandika kwenye ubao wa jengo letu, nashauri ile baiskeli room ya chini tuigawe upya. Jamani. Nilipata majibu ya kurasa, mmoja kanijibu kwa namba, moja mpaka sita, ya tatu anasema hesabu yangu ya nafasi haiko sawa na ameipima mwenyewe. Kapima! Nilichukia wiki nzima, halafu nikaona huyu bwana ndiye msomaji pekee aliyewahi kunisoma mpaka nukta ya mwisho.

Sasa linganisha na kwetu. Niliandika kwenye grupu la familia, maneno marefu, nimeyapanga vizuri, kwamba michango ya harusi imezidi, sare tatu kwa harusi moja, tupunguze, sehemu iende kwenye ada za watoto wa marehemu kaka. Majibu? "Umenena dada." "Asante kwa somo." Mikono ya dua, maua, moto moto. Mia kwa mia wamekubali. Baada ya siku nne kitchen party, mchango uko pale pale na sare imeongezwa ya nne. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, zamani hizo alisema hotuba ina vitu vitatu, msemaji, jambo na msikilizaji, na lengo liko kwa huyo msikilizaji, yeye ndiye hakimu. Sasa hakimu anayesema "umenena" kabla kesi haijasomwa utamfanyia nini?

Na msiniambie ndivyo tulivyo, sio kweli. Watu wa mwambao walikuwa wanajibizana kwa mashairi kwenye magazeti, toka enzi za Mambo Leo lililoanza 1923, na Shaaban Robert wa Vibambani hapo kusini ya mji alikuwemo kwenye ukurasa ule wa mashairi. Mtu akitoa hoja kwa shairi, wewe unayempinga unarudi na bahari ile ile, mara nyingi vina vile vile, mizani nane kwa nane. Huwezi kujibu kama hujasoma, maana itabidi uhesabu silabi zake. Alikuwa anatukanwa mtu pale, tena vizuri, lakini alikuwa kasomwa.

Mtasema, wewe mbona huandiki shairi, unatuletea maneno ya mkato kama unaongea barazani. Mtasema pia michango ya harusi inakuhusu nini na upo Ulaya. Inanihusu kwa sababu anayetajwa kwanza kwenye orodha ya wachangaji ni mie wa Ulaya, hamjawahi kusahau hata siku moja. Nipingeni, hilo ndilo ninalolitaka, tafuteni hesabu yangu ilipokosea mkapime kama yule bwana wa jengo letu. Na wewe utakayeandika "umenena dada" hukufika hata kwa Brahms, nitakujua.