Msumeno wa Sheria na Mkono Unaoushika

Novemba 2022, hakimu wa mahakama ya kesi za ufisadi ya Milimani, Nairobi, alikubali ombi la upande wa mashtaka la kuondoa kesi ya Sh7.3 bilioni iliyomkabili Rigathi Gachagua. Kesi hiyo ilipofunguliwa Julai 2021, Gachagua alikuwa mbunge wa Mathira na mwandani wa William Ruto, naibu wa rais ambaye tayari alikuwa amekosana na Rais Uhuru Kenyatta. Ilipoondolewa, Ruto alikuwa rais na Gachagua mwenyewe alikuwa naibu wake, akiwa ameapishwa miezi miwili tu kabla. Mashtaka yalikuwa yaleyale na mshtakiwa, aliyeyakana tangu mwanzo, alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni serikali.

Wakenya wengi walihitimisha papo hapo kwamba wakubwa wana sheria yao na wadogo wana yao, na ni vigumu kuwalaumu. Hata hivyo, upande wa pili wa shauri hilo una uzito ambao haustahili kupuuzwa. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, wakati huo ikiongozwa na Noordin Haji, ilieleza kwamba ushahidi uliokuwepo haukutosha kuthibitisha mashtaka, na mpelelezi wa kesi alikuwa ameapa kwamba alishinikizwa na wakubwa wake kuwasilisha mashtaka kabla kazi haijakamilika. Ikiwa kiapo hicho ni cha kweli, basi dhuluma ilitendeka 2021, na kilichofanyika 2022 kilikuwa kurekebisha kosa. Mwendesha mashtaka anayejua kwamba hana ushahidi hana ruhusa ya kuendelea kumburuta mtu kortini, awe mkubwa awe mdogo, na kutaka kesi iendelee kwa sababu tu mshtakiwa ni mwanasiasa tusiyempenda ni ubaguzi ule ule uliogeuzwa upande.

Lakini hoja hiyo, hata tukiikubali yote, haiisafishi ofisi husika. Ama ilikubali mwaka 2021 kufungua kesi ambayo haikuwa imeiva, ama ilikubali mwaka 2022 kuifunga kesi iliyostahili kusikizwa. Inawezekana pia kwamba ushahidi ulionekana mzuri mwanzoni ukadhoofika wenyewe katikati, kama unavyodhoofika katika kesi nyingi duniani, ila kudhoofika huko kuliziangukia kesi kadhaa za wanasiasa wa upande ulioshinda uchaguzi, katika majira yaleyale, na sadfa ya namna hiyo inahitaji imani kubwa kuliko niliyo nayo.

Kwenye karatasi, Kenya ilikuwa imelitazamia tatizo hili. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria na ana haki ya kulindwa nayo kwa usawa. Ibara ya 157 ikauondoa uwezo wa kushtaki kutoka kwa Mwanasheria Mkuu, ambaye kwa miongo mingi aliweza kuizima kesi yoyote kwa tamko lake, na kuukabidhi kwa Mkurugenzi asiyehitaji idhini ya mtu yeyote ili kuanzisha mashtaka, lakini anayehitaji idhini ya mahakama ili kuyaondoa. Hiyo idhini ndiyo kufuli iliyowekwa mlangoni. Udhaifu wake unaonekana pale hakimu anapoombwa kuitumia: anaweza kuuliza sababu, anaweza hata kukemea, lakini hawezi kuwaita mashahidi na kuiendesha kesi kwa niaba ya mwendesha mashtaka asiyeitaka. Akikataa ombi leo, kesi itakufa kesho kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ilionekana waziwazi katika kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer. Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alikamatwa Julai 2019 akiwa bado ofisini, jambo ambalo wakati huo lilisifiwa kama ushahidi kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Zabuni ya mabwawa hayo, yaliyokusudiwa kujengwa katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ilikuwa ya takriban Sh63 bilioni. Kesi ikaenda, ikakawia, serikali ikabadilika, na ilipofika zamu ya mashahidi pakatokea kituko ambacho wasiozoea korti huenda wasikione uzito wake: shahidi anaitwa, anaapa, anasimama tayari kueleza anachojua, na wakili wa serikali aliyemwita hana la maana la kumuuliza. Mashahidi wengi waliokuwa wameorodheshwa walipita kwa namna hiyo, ushahidi wao ukabaki nao. Desemba 14, 2023, hakimu Eunice Nyutu aliwaachilia huru washtakiwa, na katika uamuzi wake akaulaumu vikali upande wa mashtaka kwa namna ulivyoiendesha kesi. Mapema 2024, Rotich akateuliwa mshauri wa masuala ya bajeti katika ofisi ya rais.

Mtu anayetaka kumtetea Rotich ana haki kamili ya kusema kwamba aliachiliwa na mahakama, wala si na mwanasiasa, na kwamba asiyethibitishiwa kosa hana kosa. Ni kweli. Hakimu alitenda lililopasa, kwa sababu hukumu hutolewa kwa ushahidi uliopo mezani na si kwa ule uliobaki kwenye faili. Ndiyo maana nadhani tunapouliza kama mahakama zinawatendea wakubwa sawa na wadogo, mara nyingi tunakuwa tumekosea mahali pa kuulizia. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno, hata hivyo, haujisukumi, na katika kesi za siasa mkono unaoushika si wa hakimu.

Tofauti na mtu wa kawaida ni kubwa kuliko tunavyodhani, na haimo tu katika ukubwa wa mawakili. Ingia mahakama ya hakimu yoyote asubuhi ya Jumatatu, uwatazame waliokamatwa mwishoni mwa wiki kwa kuuza chang'aa au kutandaza bidhaa barabarani bila leseni. Karani anasoma shtaka haraka kama anayesoma orodha ya majina, kisha anauliza: ni ukweli au si ukweli? Anayejua kwamba "si ukweli" maana yake ni dhamana asiyoweza kuilipa na majuma ya rumande akingoja kesi itajwe, hujibu "ni ukweli" hata pale ambapo angekuwa na utetezi, analipa faini au anatumikia siku zake, na kabla ya saa sita faili imefungwa. Hakuna anayemtumia mwendesha mashtaka barua ya kumwomba aupitie ushahidi upya. Mwanasiasa hupata uangalifu ambao sheria inamtaka kila mshtakiwa aupate, na kwa maana hiyo si kweli kwamba yeye hupewa zaidi ya haki. Yeye hupewa haki yote, na wengine hupewa mabaki.

Wapo wanaosema uwezo wa kuondoa kesi bila maswali ndio tatizo, wakitaka ubanwe zaidi. Tanzania inaonyesha kwa nini jambo hilo si jepesi. Huko, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuliondoa shauri kabla ya hukumu kwa kuieleza tu mahakama kwamba hana nia ya kuendelea nalo. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akafunguliwa mashtaka ya ugaidi yasiyo na dhamana, na akakaa mahabusu zaidi ya miezi saba. Februari 2022, Mahakama Kuu ikaamua kwamba ana kesi ya kujibu. Machi 4, kabla utetezi haujaanza, Mkurugenzi akasema hana nia ya kuendelea, na siku hiyohiyo Mbowe alikuwa Ikulu akizungumza na Rais Samia Suluhu Hassan. Wengi tulifurahi, mimi nikiwamo. Lakini furaha hiyo ilikuwa ya kumwona mtu ameachwa na mkono uleule uliomkamata, na mahakama iliyokuwa imekwisha kusema ana la kujibu haikuwa na la kufanya zaidi ya kumfungulia mlango. Kisheria, mpinzani aliyeondolewa mashtaka Dar es Salaam na naibu wa rais aliyeondolewa mashtaka Nairobi wamepita njia zinazofanana kuliko wafuasi wao wangependa kukiri.

Tanzania hiyohiyo inatoa pia mfano unaowapa nguvu wasiokata tamaa. Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri wa fedha na wa nishati na madini, walifikishwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2008, chama chao kikiwa madarakani, kwa kuisababishia serikali hasara ya takriban Sh11.7 bilioni za Tanzania kupitia msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Julai 2015 walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, ambacho Mahakama Kuu ilikipunguza hadi miwili. Mapema 2016 walitolewa gerezani wakamalizie adhabu kwa kazi za jamii, wakifanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina. Wapo waliocheka, wakaona ni adhabu ya kitoto, wakiwakumbuka vijana wanaofungwa miaka mingi kwa wizi wa simu. Kwangu mimi picha ya mawaziri wazee wenye mafagio uwanjani mwa hospitali ina pande mbili. Sheria ya kazi za jamii imewekwa kwa ajili ya wafungwa wenye vifungo vifupi kama hivyo, na hawakupewa kitu ambacho sheria haikitoi. Suala ni wafungwa wangapi wasio na majina makubwa, wenye vifungo vya muda huohuo, waliowahi kufikiriwa kwa ajili ya ufagio huo.

Kenya nayo haikosi hukumu. Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, alipatikana na hatia Februari 2025 kuhusiana na zabuni ya barabara ya Sh588 milioni, akatozwa faini ya Sh53.5 milioni au kifungo cha miaka 12, na akapelekwa gerezani. Anayeitaja hukumu hiyo kama ushahidi wa usawa ana hoja, mradi aongeze kwamba Waititu alikuwa ameng'olewa ugavana tangu Januari 2020. Kesi iliyomfikisha huko ni ile ambayo upande wa mashtaka uliibeba hadi mwisho, na wakati huo yeye hakuwa tena na ofisi yoyote.

Gachagua naye aliuonja upande wa pili. Oktoba 2024, wabunge wa muungano uleule ulioshangilia kuondolewa kwa kesi yake waliongoza hoja ya kumng'oa, wakimtuhumu pamoja na mengine kujilimbikizia mali ya Sh5.2 bilioni kwa miaka miwili, tuhuma aliyoikana. Seneti ilimwondoa madarakani kwa mashtaka matano kati ya kumi na moja, na ya ufisadi na utakatishaji fedha hayakuwamo katika hayo matano. Ile kesi ya 2021, kwa upande wake, iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kisichomzuia mtu kushtakiwa upya kwa jambo lilelile. Zile Sh7.3 bilioni hazijawahi kusikizwa hadi hukumu katika kesi ya jinai: yeye hana karatasi ya kumsafisha, na umma hauna jibu.