Twiga 12, mbuzi bila hesabu

Desemba 2021, mpiga picha Ed Ram alipiga kutoka angani picha ya twiga sita waliokufa, wamelala juu ya udongo mkavu katika Kaunti ya Wajir, shingo na miguu vimepishana kama vijiti vilivyomwagwa. Picha ilizunguka dunia. Tangu hapo, kila ukame unaporudi kaskazini mwa Kenya, ubishi nao unarudi: mwenye kamera anawasaidia wafugaji au anachuuza unyonge wao?

Wanaolalamika wana hoja nzito. Mwaka 1984 Mkenya mwenzetu Mohamed Amin alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia. BBC iliporusha picha hizo Oktoba, watu wa mbali walilia, wakachanga. Lakini wengi waliona ukame tu. Vita vya Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia wakati huo, dhidi ya waasi wa kaskazini, vilivyochangia sana njaa ile, havikuingia kwenye fremu. Ndiyo hatari ya picha ya ukame: kila kitu huonekana ni kazi ya Mungu, na hakuna kiongozi anayeulizwa swali. Ukiongeza mtoto aliyepigwa picha akiwa uchi bila mzazi wake kuombwa ruhusa, hapo mimi sina cha kutetea.

Ila turudi Wajir. Twiga wale hawakufia pale walipopigwa picha. Walikwama kwenye matope walipokwenda kunywa maji katika bwawa lililokaribia kukauka, kisha mizoga ikahamishiwa karibu na kijiji cha Eyrib ili maji machache yaliyobaki yasichafuke. Kwa hiyo picha tuliyoisoma kama ukatili wa maumbile ni, kwa nusu yake, picha ya watu walioburuta mizoga mizito kuokoa maji ya kunywa. Hayo yaliandikwa kwenye maelezo ya picha. Anayeisambaza bila maelezo hayo ndiye wa kulaumiwa, si aliyepiga.

Halafu kuna hesabu inayonikera zaidi kuliko picha yoyote. Novemba 2022 Wizara ya Utalii ilitoa orodha ya wanyamapori waliokufa kati ya Februari na Oktoba: nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, tembo 205, pundamilia wa Grevy 49, twiga 12. Mifugo waliokufa katika ukame huohuo, uliokuja na misimu mitano mfululizo ya mvua kushindwa? Zaidi ya milioni 2.4. Zisome tena taratibu. Nyumbu wamehesabiwa hadi yule wa 512, mbuzi wamekadiriwa kwa malaki. Najua sababu: askari wa wanyamapori wako doria na kuhesabu ni kazi yao, na mifugo ni wengi mno. Sina ugomvi na twiga. Lakini twiga akifa hakuna nyumba inayolala bila maziwa. Mbuzi ana mwenyewe, na mbuzi huyo ndiye karo ya muhula ujao. Yeye ndiye tuliyemkosea hesabu.

Ajabu ni kwamba kuna picha za ukame ambazo hakuna anayezilalamikia, nazo ndizo zinazotoa pesa: za setilaiti. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, na ile ya serikali iliyoanzia Turkana na Wajir mwaka 2015, hulipa kwa kupima ukijani wa malisho kutoka angani. Ni mpango wa busara. Haumtumi mtu kwenda kuhesabu mizoga, na hakuna wa kudanganya idadi. Kasoro yake ni kwamba setilaiti huona kijani, haioni kinacholika. Mathenge, mti vamizi ambao majani yake mifugo hawayapendi, hubaki wa kijani ng'ombe wakianguka pembeni. Mfugaji anayesimama na simu mbele ya mizoga yake anasema jambo ambalo anga haliwezi kulisema: hawa ni wangu, ni wangapi, wamefia hapa, leo. Anayemwita ombaomba hajamsikiliza. Yule anatoa ushahidi.

Ushahidi una masharti yake, bila shaka: mahali, tarehe, ridhaa ya mwenye mali, na maelezo yasiyokatwa. Tena una wakati wake. Picha nyingi tunazogombania hupigwa mambo yakiwa yameshaharibika, kwa sababu mhariri hana nafasi ya picha ya soko la mifugo siku bei ya ng'ombe inapoanza kuporomoka, wala ya akina mama wanaorudi na mitungi saa mbili baadaye kuliko mwezi uliopita. Hizo hazisambai. Bwawa halikauki kwa siku moja, na picha ya lile la Wajir likiwa bado nusu, mimi sijaiona popote.