Usiniulize linafika wapi, niulize linalala wapi

"Likijaa chaji linafika wapi?"

Swali ni hilo hilo, aulize mlinzi wa getini kazini, muuza madafu au shemeji. Mwanzoni nilikuwa nawapa namba. Siku hizi na mimi namuuliza mtu: umepanga au unakaa kwako? Wengine wanaona dharau, eti nawapima mifuko. Wala. Nimekaa na Nissan Leaf, gari la umeme, hapa Dar mwaka mmoja na nusu sasa, na kilomita hazijanilaza njiani hata siku moja. Soketi ndiyo imenikosesha usingizi.

Namba nitazitoa, maana najua ndizo zilizowaleta. Gari langu ni la mwaka 2016, betri ya kilowati-saa 30. Neno lisikutishe: kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, kwa hiyo betri hiyo ikiwa mpya inameza kama uniti 30. Kwenye karatasi za Japani gari hili liliandikiwa kilomita 280 kwa chaji moja. Serikali ya Marekani ikalipima kivyake, ikasema 172. Gari lile lile, betri ile ile. Mimi Kimara nikilijaza napata 130 hivi za mjini, na barabara kuu mia na kidogo.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kipimo cha Wajapani cha wakati ule, JC08, kina mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu, kwa sababu hiyo ni Mwenge saa kumi na mbili jioni. Wamarekani wao wakaingiza mwendo wa barabara kuu na kiyoyozi, namba ikashuka. Halafu na umri umo: betri yangu imebaki na asilimia 81 ya uwezo wake wa kuzaliwa, na gari lenyewe halikuachii uikombe mpaka mwisho. Ninazoweza kutumia kweli ni uniti 22 hivi. Nikitembea kilomita sita kwa uniti, hesabu inakwenda vizuri.

Kitu kinachowashangaza madereva wa petroli ni kwamba foleni hailitesi gari la umeme. Likisimama, limesimama, injini ya kunguruma haipo. Ukiachia mguu linapunguza mwendo lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kinachokula ukiwa umekwama Ubungo ni kiyoyozi, kinachoweza kuondoka na karibu uniti nzima kwa saa moja ya jua la Februari. Hiyo ni kilomita sita za kukaa kitako. Mimi nakiwasha na sioni aibu, nimelipia.

Mwendo ndio unaoua. Upepo hauongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka 50 kwenda 100, upepo unakusukuma nyuma mara nne. Nililijua hilo kwa kichwa, nikaja kulijua kwa mwili siku niliyokwenda msibani Chalinze.

Nilitoka Kimara betri imejaa, kioo kinaniambia kilomita 141. Namba hiyo usiiamini, ni ubashiri tu: gari linaangalia ulivyoendesha siku za karibuni, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye wiki nzima ya foleni. Kufika Kibaha naendesha kama watu, 90 mpaka 100, nyuma ya mabasi. Mlandizi nikatupa jicho: asilimia 57, na sijafika hata nusu ya safari. Hapo ndipo heshima ilipokuja. Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo, nikashuka mpaka 70. Karibu na daraja la Ruvu malori ya mizigo yananipita yakipiga honi, na mke wangu ameshika leso puani kwa moshi wao, haongei. Kukosa kuongea kwake ndiko kulikonitisha zaidi. Ilipobaki kama asilimia nane, dashibodi ikaacha kabisa kutaja kilomita, ikaweka vistari vitatu tu, kama mtu aliyeamua kunyamaza. Baada ya hapo ni picha ya kobe, kwamba gari limeishiwa nguvu na sasa linajikokota. Kobe sikumwona. Tulifika.

Tumefika, nikachomoa kichaji cha mkononi, nikachomeka kwenye soketi ya sebuleni kwa wafiwa. Taa nyekundu. Soketi ya chumbani, nyekundu. Kichaji cha gari kinapima ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kabla ya kuruhusu umeme, na nyumba ile ethi ilikuwa jina tu. Simu inachaji, televisheni inawaka, friji linaganda, miaka yote hakuna aliyejua. Gari likagoma.

Aliyeniokoa ni fundi wa kuchomelea mageti, nyumba ya nne kutoka pale. Karakana yake ilikuwa na waya nene na ethi ya kweli. Taa ikawa ya kijani.

"Mzee, linakula kuliko mashine yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia kwa dakika moja mashine yake inakula zaidi. Ila yeye anachomelea, anapumzika, anapima, anachomelea tena. Gari linakula uniti mbili na kidogo kwa saa, saa kumi mfululizo, halinywi hata maji. Akatikisa kichwa, akanunua LUKU ya elfu kumi na tano nikiwa namwangalia, nikamrudishia hela yake na ya soda juu. Msibani watu wanalala, kwa hiyo saa kumi zikapita bila mtu kuzihesabu. Asubuhi tukarudi kwa mwendo wa 75, tukaingia Kimara na chaji ya kubaki.

Basi hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoandika kwamba tatizo letu ni ukosefu wa vituo vya kuchajia barabarani. Safari ya Chalinze nimefanya mara moja. Kulala kwangu nalala kila siku. Siku za kazi natembea kama kilomita 40, na kwa betri yangu hii iliyochoka hiyo si hata theluthi moja. Kituo ninachokihitaji ni ukuta wa nyumbani kwangu, na ukuta huo ulinitoa jasho.

Wiki ya kwanza nilipitisha ekstensheni dirishani. Usiku wa nne nikaamshwa na harufu ya plastiki. Soketi imekuwa ya kahawia upande mmoja, plagi haishikiki. Imeandikwa ampea 13 na mimi navuta kumi, kwa hiyo kwenye karatasi niko salama. Lakini hizi za bei rahisi zinastahimili pasi ya nusu saa, na gari linavuta usiku kucha. Fundi akavuta waya mpya wa milimita nne moja kwa moja kutoka mein switchi, akaweka breka yake peke yake, na nje akazika fimbo ya shaba shimoni pamoja na mkaa na chumvi, kwa sababu udongo wa kwetu ni mkavu. Kazi na vifaa vikanila laki mbili na nusu na ushee. Anayekuuzia gari hatakutajia laki hizo.

Na kuna jingine ambalo sijaona mtu akilisema. Nyumba yangu ilikuwa kwenye umeme wa shilingi 122 kwa uniti, ule wa wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Gari kwa kilomita elfu moja za mwezi linameza kama uniti 190, ukihesabu na zile zinazopotea kuwa joto wakati wa kuchaji. Kwa hiyo limenitoa huko na kunipeleka kwenye umeme wa 356, mimi na friji na taa zangu zote. Piga hesabu kiungwana: gari kama elfu 68, na zile uniti 70 za nyumbani zimepanda kwa zaidi ya elfu 16. Gari limenigharimu elfu 84, na mwenye kusema 68 anajipendelea. IST yangu ya zamani ilikuwa inakwenda kilomita 12 kwa lita katika foleni hizi. Weka petroli 2,800 kwa lita, inafika laki mbili na thelathini. Bado nacheka, ila nacheka kwa namba sahihi.

Chaji ya haraka niiseme kwa ufupi. Leaf inatumia plagi ya Kijapani iitwayo CHAdeMO, jina walilolitoa kwenye utani wa kukaribishana chai wakati gari linajaa. Utani mzuri, lakini dunia imehamia plagi nyingine, na magari mapya ya Kichina yanayoingia yana za kwao. Ukinunua Leaf kwa matumaini kwamba kituo kitajengwa karibu nawe, unaweza kukuta kimejengwa kwa ajili ya jirani. Hao Wachina nao wana karatasi zao: BYD Seagull ya betri ya uniti 38.88 imeandikiwa kilomita 405 kwa kipimo cha kwao. Uliza kipimo kwanza, ndipo ushangae.

Betri sasa. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, inategemea hewa inayoizunguka. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, ambako jua halina huruma, walianza kulalamika betri zao zinasinyaa upesi, na mwaka uliofuata Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Dar si Phoenix, lakini na sisi hatuna miezi ya baridi ya kuifariji betri. Kwa hiyo usinunue kwa mwaka wala kwa kilomita zilizotembea. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vidogo, vya afya. Cha kwanza kinapotea betri ikishapungua karibu asilimia 15, vinavyofuata vinaondoka kila ikipungua sita na kitu.

Na hata vijistari vinachezewa. Mdogo wangu alinunua Leaf ya 2013, ya uniti 24, picha inaonyesha vijistari 12 vyote. Miezi miwili baadaye vimebaki tisa. Kumbe kumbukumbu ya betri ilikuwa imefutwa ili gari lijisahau. Kidude cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu vingeonyesha zaidi ya hivyo vijistari, lakini yeye alikuwa na haraka ya kupiga picha na gari.

Sasa sikilizeni. Gari hilo lenye betri mbovu kuliko zote ninazozijua linampa kilomita 85 mpaka 90. Anakaa Sinza, anafanya kazi Posta. Kilomita 20 kwenda na kurudi. Betri iliyotapeliwa inamtosha siku nne! Lakini wiki tatu tu baada ya kulipokea akalileta kwangu Kimara na kurudi Sinza kwa daladala, kwa sababu amepanga, na LUKU ni moja kwa wapangaji wanne.

Walianza kwa minong'ono. Halafu uniti zikaisha usiku wa mechi, na kila aliyetoka nje kwenye giza akaona waya unaingia kwenye bampa. Mama mwenye nyumba akamwita.

"Mwanangu, mimi hizo uniti zako sizijui. Kila mwezi niletee laki, tusigombane."

Kwa mwendo wake anatumia uniti mia hivi, elfu 36. Nilikwenda naye kumsalimia mama, tukanywa chai kwanza, tukaongea habari za mvua, ndipo nikamwomba: tununue submita Kariakoo kwa hela yetu, ifungwe kwenye waya wa gari peke yake, na asome mtu wa kwake, si sisi. Akafikiria kidogo. Akamwita mjukuu wake wa kidato cha pili, akamwuliza kama anajua kusoma mita. Dogo akasema anajua, ila atahitaji daftari.

Gari limerudi Sinza Jumapili iliyopita. Wakati fundi anafunga submita, dada wa chumba cha mwisho, anayeuza barafu na juisi, alisimama mlangoni amejifunga kanga, anaangalia tu. Fundi alipoanza kukusanya vifaa vyake akamwuliza, "Kaka, hiyo bei gani? Na mimi nifungie. Friji langu limesingiziwa miaka miwili."