Gurudumu la mashine lichaguliwe kwa breki yake

Karakana ikiwa ndogo, mashine lazima zisogee. Msumeno wa meza unataka nafasi mbele na nyuma ili ubao upite, randa nayo inataka vivyo hivyo, na haziwezi kukaa zote katikati ya chumba kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sina ugomvi na anayefunga magurudumu chini ya mashine zake. Kinachonikera ni namna tunavyoyachagua. Mtu anafika dukani, analishika gurudumu, analizungusha kwa kidole, na likizunguka vizuri bila kelele analipa na kuondoka. Hapo amejaribu kazi ambayo gurudumu litaifanya kwa dakika chache tu. Muda wote uliobaki mashine itakuwa imesimama inanguruma, na vidole vya mtu viko karibu na meno ya msumeno. Mimi naanza na swali la jinsi gurudumu linavyosimama.

Breki nyingi za bei nafuu hubana tairi peke yake. Ukikanyaga kipedali gurudumu haliviringiki tena, lakini uma unaolishika bado uko huru kugeuka chini ya bamba, kile kipande bapa cha chuma kinachofungwa kwenye mashine. Tazama gurudumu la aina hiyo kwa ubavuni utaona kwamba ekseli yake haiko chini kabisa ya bolti ya katikati, imerudi nyuma kidogo. Umbali huo ndio unaolifanya gurudumu lifuate unakosukuma, na ndio huohuo unaoleta shida. Sukuma ubao mzito kuelekea kwenye msumeno: uma zinageuka kidogo zote kwa pamoja na mashine nzima inahama upana wa kidole au zaidi, huku breki zote nne zimekanyagwa. Kwenye kabati la vifaa hiyo ni kero tu. Kwenye msumeno wa meza, mwili uliokuwa umeuegemea ubao unafuata mbele, kule kule kwenye meno.

Dawa yake ni breki inayofunga tairi na uma kwa mkupuo mmoja. Kuitambua ni rahisi: kanyaga kipedali, shika bamba kwa mkono mmoja na uma kwa mwingine, kisha jaribu kuvizungusha. Vikigeuka, rudisha rafuni. Angalia pia kipedali chenyewe. Kikiwa kifupi, gurudumu likigeukia ndani kitajificha chini ya mashine, nawe utainama kukitafuta kwa mkono. Breki inayosumbua kufunga haitafungwa kila siku.

Kuhusu uzito, watu wengi hugawanya kwa nne kwa sababu magurudumu ni manne. Gawanya kwa tatu. Sakafu ya zege huwa na mabonde yake, na kwenye fremu ngumu gurudumu moja linaweza kubaki hewani wakati matatu yamebeba mzigo wote. Mashine ya kilo 180 ukiiongezea meza ya pembeni na mbao zitakazolazwa juu yake, tuseme kilo 60, inafika 240. Hapo kila gurudumu liwe la kubeba kilo 80 kwenda juu, na mimi ningechukua la kilo 100 bila kufikiri mara mbili. Soma karatasi ya maelezo kwa makini, maana kiwango kinachotajwa huweza kuwa cha gurudumu moja au cha seti nzima.

Kipenyo ndicho kinachoamua kama mashine itapita au itakwama. Gurudumu la milimita 50 husimamishwa na kipande cha mbao kisichozidi unene wa penseli. Likisimama ghafla wewe bado unasukuma, na mashine yenye kichwa kizito, kama drili ya kusimama au msumeno wa mkanda, inainama upande ule unaoisukumia. Kwa sakafu yenye nyufa na maranda, milimita 100 ndiyo ya chini kwangu. Ubaya wake ni kimo: gurudumu hilo pamoja na uma na bamba lake huinua mashine karibu sentimita 13, na meza iliyokuwa inakufika kiunoni sasa iko juu mno kwa kazi. Basi usilifunge chini ya miguu. Tengeneza fremu ya chuma inayotokeza nje, magurudumu yakae pembeni na mashine ilale ndani, chini. Fremu hiyo inapanua kitako pia, na hiyo ndiyo salama ya drili ya kusimama.

Tairi lenyewe lisikuchukulie muda mwingi. Nailoni ngumu huviringika kwa wepesi lakini ina kelele, na ikiwa imefungwa breki huteleza kwenye sakafu laini. Raba hushika vizuri na haina kelele, ila ikibeba mzigo mzito pasipo kusogezwa kwa muda mrefu hubonyea upande mmoja, na nyingine huacha alama nyeusi. Poliurethani iko katikati ya hizo mbili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mashine nyingi.

Si lazima yote manne yageuke. Mawili yasiyogeuka upande mmoja na mawili yanayogeuka upande wa pili huipa mashine msimamo, hurahisisha kuiongoza, na breki za kununua zinabaki mbili. Manne yanayogeuka nayaacha kwa benchi au kabati linaloingizwa kwa ubavu kwenye kona. Na popote utakapoyafunga, tumia bolti zinazopenya hadi upande wa pili, zenye washa pana na nati zisizolegea. Skrubu za mbao zitang'oka, kwa sababu kila gurudumu linapogeuka huvuta bamba kwa ubavu.

Kwa mashine nzito sana, au zile zinazohitaji kukaa sawasawa kama randa yenye meza ndefu, naona aina bora ni ile ya kuinua: unakanyaga wenzo, magurudumu yanashuka, mashine inanyanyuka, ukimaliza kuisogeza unauachia, nayo inakaa kwenye miguu yake ya raba. Ina bei kubwa kuliko ya kawaida. Lakini wakati wa kazi hakuna gurudumu linalobeba chochote, kwa hiyo hakuna breki ya kuitilia shaka. Kama fedha inatosha seti moja tu ya namna hiyo, ifunge kwenye msumeno wa meza kwanza. Drili ibaki palepale ilipo hadi fedha nyingine ipatikane, na mashine ya kukereza ichague kona yake ikae humo moja kwa moja, bila gurudumu hata moja.